Mkono wa Kioo wa Peugeot: Kutengeneza Spea Nyumbani

Wazee wangu, vijana wa gereji, na nyie mlioacha magari nyumbani yamefunikwa turubai, karibuni. Wa nyuma sogeeni maana hii maiki inakatakata. Najua wengi mmekuja kuona printa ya 3D, ile mashine inayojenga kitu cha plastiki kutoka kwenye mchoro wa kompyuta, ipo hapo mezani, mtaiona, ila yenyewe ni ya mwisho kabisa kwenye hii kazi ya kutengeneza spea za magari ya zamani, tusianze nayo.

Tuchukue Peugeot 504, gari iliyotoka 1968, ikaja kushinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Injini yake fundi utampata, na soko la spea la Kisekka hapa Kampala ukizunguka vizuri hukosi mtu ana pistoni ama gasketi. Kinachosumbua ni vitu vidogo, mkono wa kupandishia kioo, kitufe cha dashibodi, bushi, klipu ya kushikia waya. Ungesema ulete 504 nyingine ya zamani kutoka nje uichinje uchukue spea, lakini sheria ya Uganda ya 2018 imezuia kuingiza gari la miaka 15 na kuendelea, kwa hiyo tunagombania mizoga hii hii iliyopo, na yenyewe imechoka kama ya kwako tu.

Sasa mtu anachukua ule mkono wa kioo uliochakaa, anaupima na veniya, kile kipimo cha taya cha milimita, anauchora, anauprinti, alafu analalamika eti unazunguka bure. Utaachaje kuzunguka bure? Umepima kitu kilichokufa, umekinakili na ugonjwa wake! Yale meno ya ndani yamelika miaka 40, ukiyafuata unapata mkono mpya wenye uchakavu ule ule. Pima kile kinachokutana nacho, yani shafti inayotoka mlangoni. Weka doa la rangi kwenye jino la kwanza, hesabu moja moja mpaka urudi kwenye doa, usikadirie hata kidogo, pima unene wake juu ya meno alafu upime chini kwenye mabonde. Na kama shafti nayo imelika, nenda mlango wa nyuma, ule abiria hashikagi kioo chake, kila gari ina mlango wa hivyo, utakuta meno bado makali. Ukikuta kipande cha kushoto na wewe unataka cha kulia wala usihangaike, programu ya kuchora inakigeuza kwa kubofya tu. FreeCAD ni ya bure na inatosha kabisa kwa kazi hizi.

Alafu uliza, hiki kitu kilivunjikia wapi na kwa nini pale? Mara nyingi utakuta ni kwenye kona kali ya ndani. Basi ukichora ipe ile kona mviringo, ongeza nyama kidogo, hakuna aliyekufunga na mchoro wa Mfaransa aliyeunda Peugeot, yeye alikuwa anabana gharama kwenye magari maelfu na maelfu, wewe unatengeneza moja.

Wenye Land Rover za zamani, nawaona mnacheka, nyie mna shida yenu. Peugeot ni milimita, Land Rover Series ni inchi, na ukilazimisha boliti ya milimita kwenye tundu la inchi itaingia mizunguko miwili mitatu, utafurahi, alafu itang'oa nyuzi zote. Tafuta geji ya nyuzi, vile vibati vyenye meno vya kulinganisha na nyuzi za boliti, haina bei.

Kabla hujaprinti kitu kizima, printi pete nyembamba tu, milimita 3 kwenda juu, yenye yale meno ya ndani. Fanya tatu, moja umeipanua milimita 0.1, nyingine 0.2, nyingine 0.3, alafu zijaribu kwenye shafti. Inayoingia kwa kusukuma na kidole gumba bila kucheza, hiyo ndo yako. Ni dakika chache, plastiki yenyewe kidogo sana, na hata umeme ukikatika katikati hujapoteza kazi ya usiku mzima.

Plastiki zenyewe sasa. PLA ndo rahisi na ndo kila mtu anaanza nayo, ila inalegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Paki gari Gulu saa saba mchana vioo vimefungwa, dashibodi inapita hapo, jioni unakuta kitufe kimeinama. PETG inavumilia mpaka karibu 80, ABS kama 100, ila ABS inajikunja ikiwa inaprintiwa kwenye upepo, na petroli inaila, kwa hiyo mambo ya mafuta iweke mbali. Alafu printa inajenga kwa matabaka, na tabaka linaachana na mwenzake kama kuni inavyopasuka kufuata nyuzi, kwa hiyo ule mkono wa kioo uulaze, usiusimamishe.

Ukitaka chuma kweli, hapo ndo mimi napapenda. Plastiki inakuwa sampuli tu, unaipeleka Katwe, hapa hapa Kampala, kwa wale wanaoyeyusha alumini kutengeneza sufuria, wanaikandamiza kwenye mchanga, wanaitoa, wanamimina. Ila alumini ikipoa inasinyaa kama asilimia 1.3, kwa hiyo kitu cha milimita 100 chora 101.3, pembeni ziwe na mteremko wa digrii 2 ama 3 itoke bila kubomoa mchanga, na pale patakapokerezwa ongeza milimita 2. Fundi wa Katwe ukimuuliza kwa heshima anakwambia mengi ambayo kompyuta haijui, usiende kumfundisha kazi.

Breki na stelingi hapana. Sibishani. Hizo nunua, hata kama ni kuagiza na kusubiri miezi.

Ssebo pale nyuma anauliza kuhusu kifuniko cha distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi. Hapana mzee wangu, mle mnapita volti maelfu, na juu yake kuna joto na unyevu, plastiki ya nyumbani ikipata ufa mdogo tu umeme unatafuta njia yake mwenyewe na gari linaanza kukohoa. Kifuniko nunua. Ila zile klipu za kupangia waya za plagi zisiguse injini, hizo leta moja nzima nikuchoree leo leo, PETG sitaki hapo karibu na injini, tutumie ABS.