Mashine ya kukereza na frezi kwa pamoja: anza na plani, katalogi ingoje

Jambo yenu, ndugu mafundi na wenye atelie. Leo tunashika swali linalorudi mara nyingi hapa Lubumbashi. Mtu anataka kutengeneza vipande vidogo kwa wingi, viunganishi vya haidroliki, nozeli, pini, bushi. Anataka mashine moja inayokereza na kufanya kazi ya frezi, yaani kukata kwa kisu kinachozunguka chenyewe, nondo iingie upande mmoja na kipande kilichokamilika kidondoke upande wa pili. Migodi ya Likasi na Kolwezi inakula vipande vya namna hii kila siku, na vingi bado vinatoka nje. Kazi ipo. Basi mtu achague mashine ipi?

Wauzaji watakutajia mihimili, yaani njia ambazo mashine inaweza kusogea au kugeuka: mitano, saba, tisa. Mimi nakuomba uhesabu vitu viwili vingine. Hesabu visu vingapi vinakata kwa wakati mmoja. Halafu hesabu mkono wa mtu unakigusa kipande mara ngapi kabla hakijafika kwenye kikapu. Maelezo yote ya leo yanatoka hapo.

Hatua ya kwanza, tandika plani, mchoro wa kipande chako, mezani. Tazama hiki cha kwenye skrini: kiunganishi cha chuma kisichoshika kutu, aina ya 316, kinachotoka kwenye nondo ya pembe sita ya milimita 22, urefu milimita 45. Upande wa kushoto uzi wa nje. Upande wa kulia uzi mwingine na koni ya kuzibia mafuta. Katikati tundu linalopita moja kwa moja. Ubavuni kuna tundu la milimita 3 lililolala kwa nyuzi 30, na kando yake kijifereji ambacho hakipiti kwenye kituo, yaani mstari wa katikati ya kipande.

Chukua kalamu tatu. Kwa nyekundu, pitia kila sehemu inayokerezwa upande wa kwanza. Kwa bluu, kila sehemu inayohitaji kisu kinachozunguka chenyewe. Kwa kijani, kila kinachobaki mgongoni, pale ambapo kipande kimekatwa kutoka kwenye nondo. Kwa njia ya zamani, kipande hiki kinafungwa mara nne: kereza, geuza ukereze tena, peleka frezi, peleka drili. Kila ukikifungua na kukifunga upya, kituo kinahama. Hata mandrini nzuri ya taya tatu inaweza kukurudishia kipande kikiwa kimepotoka kwa sehemu kadhaa za mia za milimita, na koni ya kuzibia haitakusamehe hapo. Fanya hivyo kwa vipande vyako vitano au sita vinavyoagizwa zaidi. Usichague mashine kwa ajili ya kipande kigumu kinachokuja mara moja kwa mwaka.

Sasa mihimili, tuipitie tukiwa na plani mkononi. X na Z mnazijua, ndizo za kukereza kwa kawaida. Ya C ni spindili yenyewe, ile inayoshika na kuzungusha kipande, kugeuka taratibu na kusimama kwenye pembe unayotaka, ili kisu chenye mota kitoboe ubavuni. Kwa vipande vingi hiyo inatosha.

Ya Y ndiyo nataka tuikalie. Inapeleka kisu juu na chini ya kituo. Rudi kwenye kile kijifereji cha kando. Bila Y, kisu kinaweza tu kuelekea kituo. Fereji lililo pembeni, lenye kuta mbili zinazokwenda sambamba, halitoki sawasawa kwa kuzungusha C peke yake. Hata fereji la katikati, likiwa pana kuliko kisu, bila Y kuta zake zitapinda. Bapa la kushikia spana nalo linatoka safi na kwa haraka zaidi ukiwa na Y. Kwa hiyo, kwa kazi za viunganishi na sehemu za pampu, mimi sinunui mashine isiyo na Y, hata bei yake ikishuka namna gani.

Ya B inalaza kichwa cha frezi kwenye pembe yoyote. Lile tundu la nyuzi 30 linaonekana kama linaidai. Subiri kidogo. Kama vipande vyako vyote vina pembe ileile moja, kishikio cha kisu kilichotengenezwa kwa nyuzi 30, kinachofungwa kwenye tureti, kile kichwa kinachobeba visu na kuvibadilisha, kitalitoboa tundu hilo kwa sehemu ndogo sana ya gharama ya kichwa cha B. Ukiwa na pembe nyingi tofauti, au sura zilizopinda zinazotaka mihimili mitano itembee pamoja, hapo B inajilipa.

Hatua inayofuata ni kujua koo za mashine, maana ziko tatu.

Wa kwanza ni ukoo wa Uswisi, uliozaliwa karne ya 19 kwa ajili ya watengeneza saa. Humo visu vinakaa karibu mahali pamoja, na kichwa chenye nondo ndicho kinachosogea, nondo ikipita ndani ya bushi ya kuongozea. Kisu kinakata milimita chache tu kutoka kwenye bushi, hivyo nondo nyembamba haipindi. Tornos, Citizen na Star ni majina ya ukoo huo. Kipande chako kikiwa kirefu kuliko mara tatu ya kipenyo chake, anza kutazama huku. Ila bushi inataka nondo iliyonyooka na yenye kipenyo kisichobadilika. Nondo ya bei rahisi itakwama ndani yake au itacheza. Uliza pia kama mashine inaweza kufanya kazi bushi ikiwa imetolewa, maana kwa vipande vifupi utaokoa nondo nyingi.

Wa pili ni mashine ya kukereza yenye kichwa kisichosogea, spindili mbili zinazotazamana, na tureti mbili au tatu zenye visu vya mota. Nakamura-Tome na Index wanajulikana hapa. Wa tatu una kichwa kimoja cha frezi chenye B, na ghala la visu vingi nyuma yake, kama Integrex ya Mazak au Multus ya Okuma. Willemin-Macodel wanatengeneza za namna hiyo kwa vipande vidogo kabisa vinavyotoka kwenye nondo.

Huyu wa tatu ndiye anayependeza machoni, na ndipo watu wanapotumia fedha vibaya. Kichwa ni kimoja. Kikiwa upande wa spindili ya kwanza, ya pili inangoja, labda kama mashine ina tureti ya ziada chini. Chukua kiunganishi chetu: tuseme upande wa kwanza unataka sekunde 60, wa pili 40, na kupokezana 6. Kwa kichwa kimoja ni sekunde 106, vipande 33 kwa saa. Kwa tureti mbili, wakati upande wa kwanza wa kipande kipya unakatwa, mgongo wa kilichotangulia unamaliziwa. Unalipa sekunde 66 tu, vipande 54 kwa saa. Mihimili inaweza kuwa michache na uzalishaji ukawa mkubwa zaidi. Kichwa cha B ni cha atelie inayobadilisha kazi kila siku, vipande 10 leo, 15 kesho. Kwa vipande elfu vilevile, tureti mbili.

Tazama sasa kwa mwendo wa polepole jinsi spindili zinavyopokezana. Ya pili inakuja mbele, koleti, kibanio chake, ikiwa wazi. Inazunguka kwa kasi ileile ya ya kwanza, na kwa nondo yetu ya pembe sita lazima pembe zake zilingane pia. Inabana. Sasa zote mbili zimekishika kipande. Kisu cha kukatia kinashuka... hapo, kimetengana. Hakuna kijinundu katikati kilichobaki cha kusuguliwa, na pembe ya fereji la mbele inajulikana na upande wa nyuma. Ukienda kuona mashine, omba kuonyeshwa tendo hili, tena kwa nondo ya pembe sita, si ya mviringo.

Kujiendesha bila mtu kunaanzia kwenye kilisha-nondo. Piga hesabu hivi. Nondo ni ya mita 3. Kila kipande kinakula milimita 45, na kisu cha kukatia kinakula 3, jumla 48. Kipande cha mwisho kinachobaki, tuseme milimita 250, hakitumiki. Milimita 2,750 gawa kwa 48, unapata vipande 57. Kwa sekunde 66, nondo moja inaisha baada ya saa moja na dakika chache. Kilisha-nondo kikibeba 10, una vipande 570 na kama saa kumi na nusu za kazi. Huo ndio usiku wako. Mabaki yakipungua hadi milimita 100, unapata vipande 60 kwa kila nondo, na ukizingatia bei ya 316, hivyo vitatu vya ziada si vidogo.

Lakini usiku unaharibiwa na maranda. Chuma cha 316 na shaba nyekundu safi hutoa maranda marefu yasiyokatika. Yanajiviringa kwenye keekee, yanakwaruza kipande, yanaziba mlango wa kikapu, na asubuhi unakuta mashine imesimama tangu saa tatu usiku. Shaba ya manjano yenye risasi haina tabu hiyo, maranda yake ni chembe. Kwa hiyo muuzaji asikuonyeshe majaribio kwa shaba ya manjano. Dai pampu ya shinikizo kubwa, bar 70 hivi, inayopitisha kipoozeo ndani ya keekee. Uliza pia kama mashine inaweza kukata kwa kutikisa kisu mbele na nyuma ili kuvunja maranda. Citizen wanaiita LFV. Dai mkanda wa kutolea maranda, na programu inayohesabu maisha ya kila kisu na kuhamia kisu pacha kikichoka.

Kama mashine inatumia mafuta halisi badala ya yale yanayochanganywa na maji, na hakuna mtu usiku, kizima-moto kinachojifungua chenyewe ndani ya chumba cha kukatia ni lazima. Kisu kilichovunjika, mvuke wa mafuta, cheche moja. Sitaki mtu aokoe fedha hapo.

Kuhusu kuran, mnajua wenyewe. Mtandao wetu ni wa awamu tatu, hezi 50, volti 380 hadi 400 kwa jina, ila volti inashuka na kupanda. Mashine nyingi za Japani zinataka volti 200, kwa hiyo transfoma iingie kwenye devi, makadirio ya bei, tangu mwanzo, pamoja na kidhibiti cha volti. Ukitumia jenereta, kumbuka tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari na injini inapoteza nguvu. Pia spindili ikifunga breki inarudisha umeme kwenye laini, na jenereta ndogo hailipendi jambo hilo. Swali la kumuuliza muuzaji, kwa maandishi: kuran ikikatika katikati ya kukata uzi, spindili mbili zikiwa zimeshika kipande kimoja, mashine inafanya nini? Nyingine zina chaguo la kuondoa kisu kwenye kipande kwa nguvu iliyobaki kabla ya kuzima. Lipia chaguo hilo.

Na asubuhi za Juni na Julai, baridi ikiwa kali, mashine ipashwe joto kwanza, dakika 20 au 30 ikizunguka bila kukata. Chuma kinarefuka kama mikroni 11 au 12 kwa kila mita kwa kila digrii moja. Milimita 100 za chuma, tofauti ya digrii 10, tayari ni zaidi ya sehemu moja ya mia ya milimita, na hiyo inaweza kula ruhusa yote ya kipimo cha koni yetu.

Wengi watanunua iliyotumika, na ni sawa. Saa za spindili uzione kwenye skrini ya mashine yenyewe, ikiwezekana saa za kukata, si za kuwashwa tu. Weka saa ya kupimia kwenye spindili ya kwanza na uzungushe kwenye ya pili uone kama vituo vinalingana. Pitia pia matundu ya tureti. Mashine iliyowahi kugongwa inajisaliti hapo. Omba nakala ya parameta zote na chaguo zilizofunguliwa, na posti ya programu yako ya CAM, ile inayopanga njia za visu kwenye kompyuta; posti ndiyo inayozigeuza kuwa kodi ya mashine, na iwe imekwisha kufanya kazi kwenye mashine hiyohiyo. Bila posti nzuri, mashine ya njia tatu, yaani yenye programu tatu zinazokwenda pamoja, itakaa miezi ikiandikiwa kodi kwa mkono.

Jambo hili wengi hawalijui: mashine zinazotembeza mihimili mitano kwa wakati mmoja zinaweza kuingia kwenye udhibiti wa kuuza nje, chini ya Mkataba wa Wassenaar, makubaliano ya nchi nyingi ya kudhibiti silaha na teknolojia inayoweza kuzitengeneza, ulioanza kazi mwaka 1996. Muuzaji wa Ulaya au Japani atataka barua ya mtumiaji wa mwisho, na kibali kinaweza kuchukua muda au kukataliwa. Tena baadhi ya mashine zina kifaa kinachohisi zimehamishwa. Zikifika kwako zinajifunga mpaka mtengenezaji azifungue. Ukinunua kwa dalali bila mtengenezaji kujua, unaweza kushusha tani kadhaa za chuma kilicholala. Kabla ya kulipa hata senti, mwandikie mtengenezaji namba ya mashine na jina la mji wako, upate jibu lake kwa maandishi. Hapohapo uliza fundi wao aliye karibu yuko wapi. Mara nyingi ni Afrika Kusini, na safari yake wewe ndiye utailipia.

Mwisho, jaribio. Tuma plani yako na nondo zako mwenyewe. Dai vipande 100 mfululizo, mlango umefungwa, mtu asiguse kitu. Pima cha kwanza, cha 50 na cha 100 kwa mikromita, koni na kipenyo cha uzi. Kwenye mkataba andika kwamba jaribio lilelile litarudiwa ndani ya atelie yako, kwa kuran yako, na kwamba sehemu ya mwisho ya malipo inatoka siku hiyo, vipande 100 vikiwa mezani na vipimo vyake vimesainiwa na pande zote mbili.