Mama alidhani nalea watoto wa Wazungu, kumbe ni mbwa

Haya assalaam aleikum jamani, wakubwa shikamooni, Malindi mpo? Lamu mpo? Leo nawarekodia ndani ya vani, niko hapa Leicester, Uingereza, mvua inanyesha ile ya kuchokoza, haikatiki wala hainyeshi ikaeleweka, na hizo kelele mnazosikia nyuma yangu si watoto, ni mbwa, wako watano. Teddy! Teddy tulia baba, naongea na watu wa kwetu.

Sasa leo natoboa siri. Nilipopata hii kazi nilimpigia mama nikamwambia mama nimepata kazi dei kea. Na sikudanganya wallahi, ni dei kea kweli, asubuhi nawapitia majumbani, wanacheza, wanakula, mchana wanalala, jioni namrudisha kila mmoja kwao na picha nimeshatuma kwa wenyewe. Ila sikusema dei kea ya nani, mama akamalizia mwenyewe. Kufika arusi ya binamu yangu pale Shella, mama kakaa kwenye mkeka na wenzake anawahadithia, mwanangu alea watoto wa Wazungu, na wampenda hao, wakimuona tu wamrukia. Hahaha na ni kweli wananirukia, hata koti langu mnaliona lilivyo.

Kwa hivyo mama kama unaangalia hii vidio, nisamehe, ntakupigia jioni.

Lakini si hilo nililowaitia. Nilikuwa nataka kuongea hili jambo la Wazungu na mbwa, manake kule nyumbani tunaamini kwamba hawa watu ndivyo walivyoumbwa, mbwa analala kitandani, mbwa ana koti la mvua, mbwa ana daktari wake, tunacheka tunasema hao ni wao bana na dunia yao. Hata mimi nilikuwa najua hivyo. Mpaka nikakutana na huyu babu jirani yangu.

Babu wa Kizungu, kapita miaka 80, goti limekufa, ndiye mteja wangu wa kwanza kabisa. Siku moja namrudishia mbwa wake, nishamfuta miguu na taulo, babu ananiangalia tu anacheka, namuuliza kulikoni, ananiambia, unajua sisi utotoni hakuna mtu alikuwa anatembeza mbwa? Miaka ya 50 hiyo anaongelea. Asubuhi mlango ukifunguliwa watoto wanaenda shule na mbwa naye anaenda zake. Anazunguka mitaa, anapitia bucha anajua siku gani kuna mifupa, anagombana na wenzake, saa ya shule kutoka amekaa getini anangoja, jioni wanarudi wote pamoja wamechafuka. Kumtembeza umpeleke wapi, ananiambia, na yeye ndiye aliyekuwa anaujua mji kuliko sisi?

Jamani nilikaa chini. Manake huyo mbwa namjua! Huyo ni Simba wa babu yangu kule Ganda! Yule mbwa hakuwahi kufungwa kamba hata siku moja, asubuhi anatoka na mbuzi, mchana unamkuta chini ya mkorosho amelala kama mwenye shamba, magharibi anatokea akisikia tu sufuria inakwaruzwa, kwa sababu chakula chake ni ukoko wa ugali na vichwa vya samaki, basi. Nikamuuliza babu wa Kizungu, na wa kwenu walikuwa wanakula nini? Akasema makombo. Makombo, mifupa, na mapupu, yaani mapafu ya ng'ombe, yanayochemshwa jikoni mpaka nyumba nzima inanuka. Mapupu! Alafu, samahanini kama kuna mtu anakula, akaniambia siku hizo mavi ya mbwa barabarani yalikuwa meupe. Meupe kama chaki, kwa ajili ya ile mifupa, watu wa umri wake wote wanayakumbuka na wanayasimulia kama watu wanavyosimulia halua ya zamani. Nikamwambia babu, njoo kwetu, hata mimi nimeyaona hayo meupe yamekaukia juani.

Kwa hivyo si zamani za Nuhu, ni juzi tu. Hawa walikuwa wanafuga kama sisi.

Hata serikali yao haikuwa na habari sana. Kulikuwa na leseni ya mbwa, shilingi 7 na peni 6, ndio, na wao walikuwa na shilingi, mpaka walipobadilisha pesa zao 1971 ikawa peni 37 na nusu, haikupanda miaka nenda miaka rudi. Wengi walikuwa hawalipi, kuikusanya kukawa kunakula hela kuliko zinazoingia, 1987 wakaifuta. Lakini sasa msidhani wameachiwa, wapi, ndo kwanza masharti yakaanza. 1991 ikaja sheria ya mbwa hatari. 1992 lazima mbwa akiwa nje avae ukanda wenye jina na anwani ya mwenyewe. 1996 sheria ya mavi, uyaokote. 2016 chipu, hapa Uingereza mbwa lazima atiwe kichipu chini ya ngozi kabla hajafika wiki 8, ukikutwa huna faini inaweza kufika pauni 500. Na tangu Februari 2024 wale mbwa wakubwa wanaoitwa XL Bully ukiwa naye bila kibali maalumu ni kosa, na hata ukiwa na kibali akitoka lazima avishwe kitu cha kumfunga mdomo.

Hapo kwenye kuokota ngoja niwaambie. Siku yangu ya kwanza. Nimepewa vifuko vidogo vyeusi roli nzima, nimeelekezwa, unaingiza mkono ndani ya kifuko, unashika, unakigeuza nje ndani, unafunga fundo. Nikasema rahisi. Sasa mbwa akafanya mambo yake pale kwenye bustani, baridi nyuzi 2, mimi vidole vimekufa ganzi, nikashika... jamani, ule moto. Kile kifuko ni chepesi kama karatasi ya peremende, joto lote linakuja kwenye vidole, na kwa ile baridi, Mungu nisamehe, vidole vilifurahi! Nilisimama pale nikalia nusu nikacheka nusu, nikasema mimi mtoto wa Malindi, nimesoma, nimepanda ndege.

Na nyie mnaotaka kujua dini, ndio, mimi Mshafii, najua mate ya mbwa ni najisi nzito, panapoguswa panaoshwa mara saba, moja kati ya hizo iwe kwa udongo. Nyuma ya mlango wangu kuna kopo la udongo safi, nilichimba mwenyewe, housemate wangu alidhani nataka kupanda maua. Nguo za kazi haziingii chumbani, naoga, naswali, maisha yanaendelea. Na kabla hamjanihukumu kumbukeni hata kwenye Suratul Kahf wale vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao kanyoosha miguu kizingitini, na babu yangu naye alikuwa hakosi sala msikitini na Simba wake alikuwa analinda mbuzi. Hakuwa anaingia ndani tu. Basi tuendelee.

Kilichobadilika ni nini? Mimi nilidhani mapenzi yaliongezeka. Babu kasema hapana, mbwa wake wa utotoni walimpenda vile vile, alipogongwa walilia wiki. Kagongwa na gari, ndo jibu lenyewe hilo. Mtaa wao ulikuwa na gari mbili, sasa kila nyumba ina mbili. Alafu 1978 ukatokea ugonjwa mpya wa kuhara damu, parvo wanaita, uliua watoto wa mbwa vibaya sana, watu ndo wakaanza kuzoea kupeleka mbwa kwa daktari kwa chanjo. Alafu nyumba zikawa tupu mchana. Zamani kulikuwa na mama nyumbani, kulikuwa na bibi, mlango uko wazi, sasa mume kazini mke kazini watoto shule, na mbwa haruhusiwi kuzurura, kwa hivyo anafungiwa ndani peke yake. 2020 ule wakati wa kufungiwa kwa ajili ya korona watu wakanunua mbwa kwa fujo kwa sababu wako nyumbani, ofisi zilipofunguliwa ndo wakanikumbuka mimi. Pauni 15 kwa saa ya kutembeza, hesabuni wenyewe, mkimaliza mseme kama bado mnacheka.

Sasa huyu Alfie. Mnamuona? Huyo mweupe. Alfie ni jina la binadamu kabisa, siku hizi hawaiti tena Rex wala Rover, ni Alfie, ni Bella, ni Poppy, ukisikia mtu anasema Poppy kalala vibaya jana huwezi jua ni mtoto au nani. Alfie ana bima ya matibabu, mimi nilipokuwa Malindi sikuwahi kuwa na bima ya kitu chochote. Kwao kuna kamera sebuleni, bosi wake yuko kazini anafungua simu anamwangalia, na ile kamera ina spika. Siku moja nimeenda kumchukua, nafungua mlango nasikia sauti ya mama mwenye nyumba, Alfie, mama anakuja, kaa vizuri mwanangu. Na Alfie kaisikia ile sauti, akaruka, akaenda nyuma ya tivii, hayupo, akaenda chini ya meza, hayupo, akaenda mlangoni akanikuta mimi. Akaninusa. Akarudi tena nyuma ya tivii.

Mimi pale roho iliniuma, nawaambia ukweli. Kitanda anacho, kinanuka vizuri kuliko changu. Lakini Simba wa Ganda angemwona huyu angemuuliza kwani umeiba nini umefungwa?

Alafu kuna hawa wa pua bapa, ndo fasheni, wazuri kwenye picha, uso kama katoto, lakini wamezalishwa mpaka pua imeingia ndani, nikipanda naye kilima kidogo anakoroma akiwa macho, wengine wanapasuliwa pua ili wapate kuvuta pumzi. Babu anasema zamani mbwa wa mtaani kwao hata kabila lake lilikuwa halijulikani. Mbwa tu. Mimi na babu hapo tuko chama kimoja.

Lakini sisemi kwetu ndo pepo, na hapa nataka mnisikilize vizuri, hasa wenye watoto. Mimi niliwahi kuumwa. Nilikuwa darasa la tatu, natoka chuoni na msahafu wangu, mbwa koko akatoka nyuma ya duka akanipata hapa kwenye shavu la mguu. Mama alinishika akanikalisha bombani akanisugua na sabuni ya kipande mpaka nikasahau mbwa nikawa nalia sabuni. Nikaja kujua ukubwani kwamba pale mama ndo aliniokoa, maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, ndivyo madaktari wanavyosema mpaka leo, alafu hospitali siku hiyo hiyo. Sisi watoto tulikuwa tunatishana kwamba ni sindano 21 za tumboni, kweli zamani zilikuwa zinapigwa tumboni, lakini mimi nilipigwa za mkononi, narudi na kurudi mpaka zikaisha. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili basi, watu wanaanza kuandaa sanda. Na karibu wote wanaokufa nacho duniani wameumwa na mbwa.

Hapa Uingereza walikimaliza 1922, na mpaka 2000 mbwa akiingia kutoka nje ya nchi alikuwa anawekwa karantini miezi sita, sita! Kwa hivyo hapa mtoto akiumwa na mbwa wazazi wanawaza mshono na wakili. Kwetu tunawaza mengine. Kenya nayo imejiwekea lengo, 2030 asiwepo tena mtu wa kufa na kichaa cha mbwa, na ili hilo liwe inabidi mbwa asilimia 70 wachanjwe. Wachanjwe, si wawekewe nyama ya sumu kama nilivyokuwa naona tukiwa wadogo, asubuhi unatoka wamelala mtaroni wamekakamaa.

Nilipokuja nyumbani Disemba nikashangaa Malindi yenyewe. Zamani mbwa wa kamba tulikuwa tunawaona wa Waitaliano tu pale ufuoni, tunawafuata nyuma tunacheka. Sasa vijana wetu wenyewe wako na kamba, chakula cha mbwa kimepangwa supamaketi magunia kwa magunia, na watoto wa German Shepherd wanauzwa kwenye status za WhatsApp kama maandazi. Sawa. Lakini pia nilipita mtaa mmoja wa majumba mapya, geti limeandikwa MBWA KALI, nikachungulia, huyo mbwa kali kafungwa mnyororo chini ya mwembe, mfupi hawezi hata kufika kwenye kivuli, ananiangalia hata kubweka kachoka. Hapo ndo nilikasirika. Hujampa mji wa Simba, na kitanda cha Alfie hujampa.

Kaka yangu naye anaye wake pale Maweni, kampa jina Simba vile vile. Juzi nilimpigia, kulitangazwa siku ya chanjo ya bure karibu na kwao, nikamsihi, nikamtumia na hela ya bodaboda kabisa. Jana namuuliza vipi, mbwa kachanjwa? Ananiambia dada, chanjo ilikuwa saa nne asubuhi, na saa nne Simba huwa yuko bucha, nimezunguka mtaa mzima na kamba mkononi watu wananicheka, karudi magharibi na mfupa mdomoni.