LED, enaji seva ama ya waya? Tuwashe tuone

Haya watu wangu wa Kisumu na kwingineko, leo niko hapa dukani Kondele na balbu tatu kwa meza, zote mwanga wake karibu sawa, lumeni kama 800. Hii ya kioo yenye kawaya ndani ni wati 60. Hii yenye mrija umejisokota ni enaji seva, wati 15. Na hii LED ni wati 9, basi.

Sasa piga hesabu, ukiwasha masaa matano kila usiku, mwezi ukiisha ya waya imekula yuniti 9, enaji seva mbili na robo, LED moja na kitu. Hiyo ni balbu moja na wewe uko nazo sita kwa nyumba halafu unalia ati tokeni zinaisha mbio!

Tuanze. Zima swichi, panda kiti, toa ya zamani, hiyo mnajua. Ya waya iache ipoe kwanza.

Enaji seva ndio nataka muangalie mkono wangu. Shika hapa chini kwa plastiki, USISHIKE MRIJA. Sukuma juu, zungusha, unaskia pini zimekaa. Vidole viko wapi? Kwa plastiki. Huo mrija uko na zebaki ndani, kidogo lakini iko, na ukiuminya ukivunjika hapo juu ya kichwa chako ni shida. Ikivunjika toa watoto, fungua madirisha, kaeni nje kama dakika 15, usifagie, okota na kipande cha katoni, ule unga malizia na selotepu. Mrija usishikwe, nimesema? Nasema tena.

Sasa LED, naweka hii ya bei ya kutupa... ngoja. Ngoja ngoja, mnaona hiyo michirizi myeusi inapanda kwa skrini? Simu haijaharibika. Stima yetu inakuja na mawimbi 50 kwa sekunde, kwa hivyo balbu yenye vifaa vya kubahatisha ndani inapepesa mara mbili kwa kila wimbi, yaani mara 100, jicho halishiki lakini kamera inashika. Wacha niweke hii nyingine. Haya, imetulia, mmeona? Basi ukienda duka lolote, hata langu, mwambie akuwashie na uichungulie na simu kabla hujatoa pesa.

Rangi nayo. Wateja wengi wanataka nyeupe kali, ile imeandikwa 6500K, ati ndio inawaka. Mimi chumba cha kulala ni 2700K, ile ya manjano manjano, hiyo nyeupe naiona ni ya hospitali. Na kama unakaa Dunga huko karibu na ziwa, nyeupe hapo nje ya mlango unaita wadudu wote wa ziwa waje kula na wewe, ya manjano haiwamalizi lakini inawapunguza.

Kuna wale huniuliza, mbona LED nikizima bado inang'aa kidogo kidogo? Saa zingine ni kale kataa kadogo kwa swichi. Lakini saa zingine fundi alipitisha kwa swichi nyutro, ule waya wa kurudisha stima, badala ya laivu, ule wa kuileta, maanake umezima na holda bado iko na stima. Usipande hapo na mkono mtupu, zima meini uite fundi mwingine, si yule.

Ya waya bado nauza, na wanunuzi wangu ni akina mama wa vifaranga. Karibu asilimia 90 ya stima yake inageuka joto, LED utawekea vifaranga wafe na baridi huku wanaonana vizuri.

Ukitaka kuagiza niambie holda yako ni ya pini mbili ama ya skuruu. Na ukinitumia picha tafadhali zima taa kwanza, mnanitumia mwanga mtupu sioni kitu.