Kabla Hujapanda Ukoka: Vibali na Soko la Kazi za Bustani Moshi

Ndugu mwenyekiti, mafundi bustani, na akina mama wa vitalu mlioacha biashara mkaja hapa: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie leseni. Nitaizungumzia kwa ufupi, maana leseni siyo inayowaangusha watu wetu. Unachukua namba ya mlipakodi TRA, unasajili jina la biashara BRELA, unaomba leseni ya Manispaa kwenye mfumo wa TAUSI. Mwenye simu na namba ya NIDA anaanza hata akiwa nyumbani. Anayetaka umpe fedha mkononi ili akusaidie, mwambie akuonyeshe kwanza kontroli namba. Utaona anavyokumbuka ana kikao.

Kinachoangusha watu ni pale kitalu kilipo, na maji kinayotumia.

Vitalu vyetu vingi viko kando ya barabara au kando ya mto, na sababu inaeleweka. Barabarani ndiko mteja anakopita na gari akaona maua, mtoni ndiko kwenye maji. Lakini pembeni ya barabara ni hifadhi ya barabara. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaani na vijijini chini ya TARURA. Ukikaa pale bila kibali cha maandishi, siku barabara inapanuliwa huna wa kumdai fidia, na miche elfu tatu iliyo kwenye viriba huhamishi kwa usiku mmoja. Aliyekupa "ruhusa ya mdomo" mwaka juzi, siku hiyo hapokei simu.

Kando ya mto nako, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mto. Mita 60 ni zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Nendeni mto Karanga au mto Rau mkapime kwa hatua, mhesabu vitalu vitakavyosalimika.

Halafu pampu. Najua hoja yenu: maji ya mto ni ya Mungu. Sawa, na kuchota ndoo ya matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Ila ukishatumbukiza pampu mtoni au ukavuta maji ya kisima kwa ajili ya biashara, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inakutaka uwe na kibali cha kutumia maji. Kinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo ofisi zake ziko hapa hapa Moshi. Msiwaone wakorofi. Maji yanayoshuka kutoka Kilimanjaro yanasubiriwa na mpunga wa Chekereni na miwa ya Arusha Chini, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Na mfongo, ule mfereji wa asili wa Wachaga? Mfongo una wenyewe na una zamu. Kama kitalu chako kinakunywa humo, jiunge na watumia maji wenzako muombe kwa pamoja, kwa sababu mtu mmoja mmoja mtasumbuana bure.

Kuna ruhusa nyingine ambayo haina ofisi. Ukipewa kazi Machame au Kibosho, ukakuta isale, mmea ambao Wachaga huutumia kuonyesha mpaka, usiling'oe kwa sababu mchoro wa mteja unaonyesha nyasi mpaka ukutani. Mwite mteja, na mteja awaite jirani na wazee. Isale likishang'olewa, hakuna bustani tena. Kuna kesi ya mpaka, na shahidi namba moja ni wewe.

Mengine nayapitia haraka. Kazi ikiwa na ukuta wa kuzuia udongo, mifereji au njia ya magari, hiyo ni ujenzi, na Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya 1997 inadai usajili wa CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kama huna, saini sehemu ya mimea peke yake, umwachie mkandarasi aliyesajiliwa hayo mengine. Dawa za mimea nunua zilizosajiliwa. TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wako Ngaramtoni, si mbali. Na miche ya kupitishwa mpakani Holili bila kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea ni magendo, hata kama mche wenyewe ni waridi.

Sasa fedha. Kampuni au taasisi ikikulipa kwa huduma, inakata kodi ya zuio asilimia 5. Ankara ya milioni 2 inakuletea 1,900,000. Hiyo laki moja haijapotea: dai cheti cha zuio, kisha kionyeshe TRA unapofanya hesabu za kodi yako. Wengi wetu tunaona aibu kudai cheti, tunailipa kodi mara mbili.

Kazi za umma zinatangazwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Maoni yangu ni kwamba kikundi cha vijana watano wenye mashine mbili za kukatia nyasi kina nafasi zaidi humo kuliko fundi hodari anayetembea peke yake. Mtaji upo kwenye mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu.

Lakini soko letu kubwa hamlitangaziwi popote. Ni Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani. Oktoba simu zinaanza kuingia kutoka Dar: "Fundi, nataka nikifika nikute pamependeza." Mvua za vuli zinakusaidia kushikisha ukoka, lakini zikichelewa, nani anamwagilia? Mteja yuko Dar, bibi yuko ndani, mlinzi anasema si kazi yake. Nyasi zikikauka lawama ni zako. Kwa hiyo bei ya mita ya mraba isiishie kwenye nyasi, samadi, gari na vibarua. Weka ndani yake umwagiliaji wa mwezi wa kwanza, uandike kwenye karatasi moja nani analipia maji, na malipo ya awali yaingie kabla hujapakia nyasi kwenye gari. Picha za kila hatua tuma WhatsApp, zitakutetea.

Naona mama wa Njoro ameshanyoosha mkono tangu nilipotaja pampu. Karibu, mama.