Nyumba tunayoitaka imeshauzwa mara tatu, njooni niwaonyeshe

Jamani mambo vipi ndugu zangu, leo naongea nikiwa kwenye gari, tumepaki nje ya nyumba moja hapa pembezoni mwa Leicester, tumetoka kuiangalia na mume wangu kwa mara ya pili, na nimesema siondoki bila kuongea na nyie maana kuna kitu cha hapa Uingereza kila nikiwaelezea huko nyumbani mnanibishia.

Hapa bei aliyonunulia mtu nyumba siyo siri. Unaingia tovuti ya HM Land Registry, ndio wasajili wa ardhi wa England na Wales, unatafuta anwani, inakuletea iliuzwa lini na kwa pauni ngapi, kuanzia 1995, bure kabisa. Ukitaka jina la mmiliki na kama ina mkopo wa benki unalipa pauni 7 unapakua rejista yake, hata kama mwenyewe humjui.

Sasa hii nyumba, vyumba vitatu, imeshikana ukuta na ya jirani, dalali anasema 275,000. Jana usiku nikaitafuta. Mwaka 1997 iliuzwa 48,500. Agosti 2007, 162,000. Halafu 2009, 129,000. Baada ya hapo kimya mpaka leo.

Huyo wa katikati ndiye aliyeninyima usingizi. Kanunua bei zikiwa juu kabisa, mwaka uliofuata mabenki yakayumba, bei za nyumba zikaporomoka, na hata miaka miwili haijatimia kauza kwa hasara ya 33,000, hapo bado kodi aliyolipa akinunua na pesa za mawakili. Orodha inakupa bei, haikupi sababu, kwa hiyo hayo mengine mbane dalali, mbane na wakili wako, usione haya. Na ukiona miaka mingi haina kitu usidhani mwenye nyumba ni yuleyule, kwa sababu ikirithiwa au ikitolewa zawadi haiingii kwenye hiyo orodha ya bei.

Halafu leo nimefungua kistoo cha chini ya ngazi, nikamulika na simu nyuma ya mlango, mbao haijapakwa rangi, nikakuta mistari ya penseli. Vipimo vya urefu wa mtoto jamani! Wa chini kabisa umeandikwa 1998, unanifika kiunoni, ile ya juu 2006 unanipita kidevu. Nikahesabu pale pale, ni ile familia ya kwanza kwenye orodha, ya 1997. Nilisimama pale mpaka mume wangu akaja kuniita, koo limenikaba kabisa, maana na mimi wanangu wawili tumeshawahamisha nyumba za kupanga nne na hakuna ukuta hata mmoja tulioruhusiwa kuuandika.

Ila mapenzi pembeni, bei ya tangazo ni anayoitaka muuzaji, bei ya rejista ndiyo iliyolipwa kweli, na ya jirani inayofanana na hii iliuzwa mwaka jana 258,000. Sisi tumeandika kwamba tutatoa 260,000. Dalali kasema atatupigia Jumatatu, na hata wakikubali hapa mtu anaweza kugeuka mpaka siku mnapobadilishana mikataba, kwa hiyo tuombeeni. Ule mlango wa kistoo nimeshamwambia mume wangu, hakuna kuupaka rangi.