Dakika 7 katika macho ya mzee

Ndugu wakufunzi, mhudumu wa wazee akivua miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayomwonyesha mvaaji ulimwengu wa kuigizwa kana kwamba yumo ndani yake, na kusema "maskini wazee", mafunzo bado. Huruma alikuja nayo kutoka nyumbani. Tunataka abadilishe namna anavyomkaribia mzee kitandani.

Chukueni programu ya Alfred ya Embodied Labs, Marekani. Kwa dakika 7 hivi mvaaji anakuwa mzee wa miaka 74. Retina yake, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imechakaa katikati, kwa hiyo uso wa anayezungumza naye unafunikwa na doa jeusi, pembeni anaona. Masikio nayo yamepungua nguvu. Mtu wa hivyo akipewa kipimo cha kumbukumbu anaweza kuonekana amepoteza akili, kumbe karatasi hakuiona na swali hakulisikia. Kosa hilo lina madhara makubwa, maana linaandikwa kwenye faili na kumfuata mzee kila aendako.

Kuhusu vifaa: mvaaji akae kwenye kiti kisicho na magurudumu, pawe wazi kama mita 2 pande zote. Rekebisheni lenzi zilingane na umbali wa mboni zake, kwa wengi takriban milimita 63, la sivyo picha itakuwa na ukungu na atadhani ndio ugonjwa wenyewe. Lenzi hufutwa kwa kitambaa laini kikavu. Spiriti inaharibu utando wake. Sponji ya usoni hunywa jasho, basi ivalisheni kifuniko cha silikoni kinachofutika kila anapobadilika mtu.

Kichefuchefu huja pale macho yanapoona mwendo huku sikio la ndani likihisi umetulia. Akianza kupiga miayo au kutokwa jasho jembamba, mvueni papo hapo. Msimwambie avumilie.

Kisha, kabla mhudumu hajatoka chumbani, afanye mazoezi kwa mikono na mwenzake anayeigiza mzee, dakika 20 angalau. Azime redio. Akae usawa wa macho ya mzee, mwanga umwangukie mhudumu mwenyewe usoni, amuulize mzee anaona vizuri upande upi. Aseme taratibu bila kupaza sauti, kwani sauti nyembamba kama s na f ndizo hupotea mwanzo, na kelele hazizirudishi. Halafu wekeni kikombe cheupe cha uji juu ya kitambaa cheupe, mhudumu aone mwenzake aliyefunikwa macho nusu anavyopapasa ukingo. Abadilishe kitambaa kiwe cha buluu, mwenzake ajaribu tena.