Kwa Nini Niliomba Kuongoza Tawi la Sororiti

Watazamaji wangu wapendwa mlioko nyumbani, hamjambo. Tangu niwaarifu kwamba nimechaguliwa kuwa mwenyekiti wa tawi la sororiti katika chuo ninachosoma hapa Marekani, wengi mmeniuliza, baadhi yenu kwa wasiwasi wa kweli, kama nimeingia katika kundi la siri au genge la starehe. Shangazi yangu alinipigia simu usiku kutaka kujua kama bado ninasali. Nilimjibu kwa heshima kwamba ninasali, na leo ninataka kuwajibu ninyi nyote kwa kirefu.

Sororiti ni chama cha wanafunzi wa kike chenye matawi vyuoni, na matawi mengine ya waliokwisha kuhitimu, ambacho mtu akishaapishwa hubaki mwanachama maisha yake yote. Changu ni Delta Sigma Theta, kilichoanzishwa tarehe 13 Januari 1913 na wanafunzi 22 wa kike, Wamarekani Weusi, wa Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington. Tarehe 3 Machi mwaka huohuo, kabla chama hakijatimiza hata miezi miwili, wanawake hao walijitokeza katika maandamano makubwa ya kudai haki ya wanawake kupiga kura, ingawa baadhi ya waandalizi hawakutaka kuwaona Weusi wakitembea bega kwa bega na Wazungu. Jambo hilo linanigusa kwa sababu mimi si raia wa nchi hii na sipigi kura hapa. Kila tunapoandaa siku ya kuandikisha wapiga kura, wenzangu walio raia ndio wanaoshughulika na fomu, nami kazi yangu ni kuomba kibali cha ukumbi, kupanga zamu na kuhakikisha meza haikosi mtu kuanzia asubuhi hadi jioni. Sioni kwamba kazi hiyo ni ndogo, kwa maana wale 22 nao waliandamana wakiwa hawana kura.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Thika, kule Kenya, watalifurahia. Chama hiki kilichangia hospitali ya wazazi mjini humo, ile ambayo leo mnaifahamu kwa jina la Mary Help of the Sick. Nilipolisoma jambo hilo nilielewa kwamba wanawake wa huku walikuwa wakituwazia sisi wa kwetu kabla mimi sijazaliwa, na nikaona si vyema nikae pembeni kama mgeni anayesubiri kuhudumiwa.

Hata hivyo, hayo yangetosha kunifanya mwanachama tu. Kilichonisukuma kuomba uongozi ni namna wasichana wapya wanavyopokelewa.

Mliosoma shule za bweni Kenya mnajua maana ya kuitwa mono, yaani mwanafunzi mgeni. Katika shule niliyosoma, ambayo sitaitaja, msichana wa kidato cha kwanza alifua sare za wakubwa wake kwa maji aliyoyateka mwenyewe, na sanduku lake lilifunguliwa usiku hadi sukari na siagi vikaisha kabla ya wiki ya pili. Tulifundishwa kwamba huko ndiko kukomaa, na tulipofika kidato cha tatu wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuamini hivyo. Hapa Marekani vyama vya wanafunzi navyo vina historia chungu ya kuwatesa wanaotaka kujiunga, na wapo vijana waliopoteza maisha yao. Sororiti yetu inapiga marufuku mateso hayo, na mwezi Desemba 2024 Rais Joe Biden alitia saini sheria ya shirikisho inayovilazimisha vyuo kutangaza hadharani visa vya namna hiyo. Lakini sheria haiingii chumbani saa sita za usiku. Anayeweza kuingia ni kiongozi wa tawi, ambaye wenzake wanajua kwamba atauliza, atasikiliza, na ikibidi ataripoti hata kama mkosaji ni rafiki yake wa karibu. Nilitaka kuwa mtu huyo, na nilisema hivyo waziwazi siku ya kuomba kura.

Nafasi hii haina mshahara. Inanidai vikao vya kila wiki, hesabu za ada ambazo mhazini na mimi huzipitia risiti kwa risiti, na simu za wasichana waliotoka Nairobi, Kampala au Lagos ambao hawajui pa kula sikukuu chuo kikifungwa. Akina mama wetu wanaoendesha chama cha kijijini wataitambua kazi hii mara moja: kuna daftari, kuna zamu, na kuna aliyefiwa ambaye lazima atembelewe.

Kwa wazazi ambao binti zenu wanakuja kusoma huku na wanafikiria kujiunga, naomba muwaambie waulize mapema ada ni kiasi gani kwa mwaka, nani anasimamia mapokezi ya wanachama wapya, na kama chama kimewahi kuadhibiwa na chuo. Wakijibiwa kwa kuzungushwa, wasijiunge. Nami mwezi Mei nitakabidhi ofisi kwa mwenzangu atakayechaguliwa, na tayari nimeanza kukaa na wasichana wawili wa mwaka wa pili ili atakayegombea awe anajua vitabu vya hesabu, kanuni za mapokezi, na namba ya kupiga usiku mtu anapohitaji msaada.